Maiti Itakuja Awamu ya Pili

Mimi Anyosisye wa Kyimo nina miaka themanini na minne. Nimezika ndugu tisa, na maofisa utamaduni sita wamehamishwa mimi nipo. Shule niliacha darasa la tatu, lakini kwa kucheza na mkuki msibani hakuna wa kunishinda kutoka hapa hadi Mpuguso, na sikio langu halidondoshi neno. Sikieni hotuba ya Ofisa wa saba, aliyefyeka migomba ya Mama Tupokigwe, mjane jirani yangu, eti ajenge uwanja. Naitoa kama alivyoitoa, tumbo mbele:

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kitongoji, Waheshimiwa Wajumbe, Wachungaji wa madhehebu yote hata yasiyofika, wadau, stekiholda, na ninyi wengine mliokaa kwenye nyasi, itifaki imezingatiwa! (Makofi ya dereva wake.) Ndugu zangu, tangu enzi za kale, Warumi wakiwatia watumwa uwanjani wachinjane ili wakubwa wacheke, Wamisri wakitandikana fimbo mbele ya mfalme wao, binadamu amependa vita vya kuigiza, na utafiti shirikishi nilioufanya mimi peke yangu, ndani ya gari, mvua ikinyesha, umebaini kwamba asilimia sabini na mbili nukta nne ya vita hivyo chimbuko lake ni hapahapa, mnapozika, wazee wanaporukiana na mikuki bila kuchomana! (Minong'ono.) Hivyo basi, kwa vishen, yaani dira, niliyojaliwa, tunazindua Kituo cha Kimataifa cha Chimbuko la Mapigano ya Maigizo, viti elfu nne, shoo kila Jumamosi saa nne kamili. Kuna mzee mbishi hapa (ndiye mimi, watu wanacheka) ameniuliza, 'Bwana Ofisa, mkuki hauinuliwi bila msiba. Nani amekufa?' Mzee wangu, usikwamishe mchakato! Maiti itakuja awamu ya pili. Na wewe mama unayelia kwamba wajukuu watakula nini, ile si migomba tena, ile ni fursa! (Mama Tupokigwe: 'Fursa inachemshwa kwa muda gani, baba?' Vicheko.) Mkuki juu! (Mikuki inabaki chini.) Juu zaidi! Namaliza kwa kuwashukuru, na kujishukuru mimi zaidi, maana ofisini hakuna anayekijua kituo hiki. Mimi nilitumwa kuorodhesha ngoma, kituo nimekibuni njiani tulipopita Ibighi. Ahsanteni sana!"

Ndaga fijo, tukamwambia, asante sana. Sasa tumemjua marehemu. Tukaizunguka migomba iliyolala, wazee kumi na moja, tukaicheza kama tunavyomcheza mtu aliyekufa, mikuki juu, vumbi juu. Ofisa akapiga makofi, "Ndiyo shoo yenyewe hiyo!" mpaka tulipomrukia yeye, ncha zikasimama shubiri moja kutoka kwenye tai yake. Hatukumchoma. Si alisema mwenyewe hatuchomani?

Nikampa jembe. Kwetu msiba hauishi bila kuchimba. Alichimba mashimo kumi na manne, koti limetundikwa kwenye mti, na Mama Tupokigwe akamfuata nyuma akipanda machipukizi ya migomba, akimhimiza, "Ongeza kina, mheshimiwa, fursa ina mizizi mirefu."

Ukibisha, muulize Mama Tupokigwe. Au Dennis, dereva wa Ofisa, utakayempata akiwa bado anaikimbia mikuki yetu.