Mninga Unaofutika

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Jua limenilia kabati.

Karavani yangu, kile chumba cha magurudumu cha kufunga nyuma ya gari, imesimama uani tangu nistaafu. Leo nafungua mlango, nakuta mbao za ndani zimepauka kama visigino vya mtu asiyejua mafuta. Mlango wa kabati unabambuka. Meza imetoka magamba. Mama watoto akachungulia, akasema yeye halali ndani ya ngozi ya kenge. Akaongeza kuwa kosa ni langu, maana mapazia niliyatoa mwenyewe ili wapita njia waone mbao zangu. Nikamwambia uzuri haufunikwi shuka. Akauliza uzuri upi.

Mara akatokea shemeji na futi kamba. Huyu ni mdogo wake mama watoto, seremala, ana kuku wengi kuliko meno. Anaitaka karavani iwe banda. Alikipima kitanda changu huku akisema hapa watalala majogoo, maana ni watu wazima wenye heshima zao, si kama wengine.

Hukumu ya mama watoto ni hii. Jumapili mkwe wetu anakuja na gari. Yeye mama watoto akiridhika na hali ya ndani, tunavutwa hadi ziwani, tukapumzike wawili kama zamani. Asiporidhika, kuku wanahamia.

Shemeji aliondoka anapiga mluzi. Nimemwombea mafua.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Miaka yote nimewaambia watu kwamba mbao hizi ni mninga. Mninga hupigwa msasa. Nikapiga msasa.

Nilisugua kwa moyo, naimba. Vumbi likatoka jeupe, halina harufu ya mti, linanuka daftari. Niliposimama kunyoosha mgongo, mninga ulikuwa umekwisha. Mistari yote ya mbao imehamia kwenye msasa. Kabati limebaki jeupe, linanishangaa.

Shemeji alichungulia dirishani, hakuna pazia la kumzuia. Akasema ameshika randa tangu ujana na hajapata kuona mti unaofutika. Akanieleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba ile ni karatasi iliyochapwa picha ya mbao, ikabandikwa. Nikamwambia ni mninga mchanga. Akasema ni mchanga kweli, bado uko shuleni, ndiyo maana ni karatasi.

Usiku mwema, shemeji. Uangukiwe na tenga.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimepata akili. Kama waliweza kuchapa mninga kiwandani, mimi nashindwa nini?

Nimepaka rangi ya chai ya maziwa kila mahali. Ikakauka. Juu yake nikapaka rangi ya kahawa, nyepesi, na kabla haijashika nikaikokota kwa chanuo. Mistari ikajitokeza! Mlango wa kwanza ulifanana na shamba lililolimwa na mlevi. Wa pili ukawa mbao kabisa. Nilitamani kuugonga niusikie.

Chanuo ni la mama watoto, lile la meno mapana. Ameligeuzia nyumba juu chini, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Akauliza kama nimeliona. Nikamshauri awe anaweka vitu vyake mahali pamoja. Akanitazama vidole, vya rangi ya kahawa. Nikamwambia ni uzee.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Leo ni siku ya vifundo, yale madoa ya mviringo ya mahali matawi yalipochipukia. Mbao bila vifundo haziaminiki. Nachovya dole gumba, nabonyeza, nazungusha, kifundo hicho. Utamu ukanizidi. Nimeweka kwenye kabati, kwenye meza, hadi kwenye mlango wa choo.

Matambara yakaniishia. Bahati nzuri chini ya benchi nikakuta kitambaa safi kimekunjwa vizuri, kinanyonya rangi ajabu. Sijui nani alikisahau.

Shemeji alikuja kukagua. Akasema kabati linamtazama. Nikamwambia halina kingine cha kufanya.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mkwe amefika na gari, kijana mstaarabu, akakaa nje. Hajui ataondoka na wazee au na kuku.

Mama watoto akaingia, shemeji nyuma yake, tayari na kuku mmoja kwapani. Bibi akapitisha kiganja mezani. Akafungua droo, akafunga. Akafika kwenye kabati, akasimama. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua nimekwisha, analia.

Kumbe anacheka. Alicheka hadi akaketi kitandani, ananyoosha kidole. Vifundo viwili juu, macho. Kimoja kikubwa chini, mdomo uliobaki wazi. Mistari ya paji la uso. Akasema huyu ni mdogo wangu mtupu, na mwenzangu umemweka hapa ili atusindikize ziwani. Shemeji alikataa katakata, kasimama kando ya kabati, mdomo wazi vilevile. Hata kuku alimtazama mmoja, kisha mwingine.

Tunakwenda!

Ila bibi akainua benchi. Alikuwa ameshona mapazia mapya kwa siri, zawadi yangu, jua lisirudie, akayakunja na kuyaficha hapo chini. Akavuta matambara ya rangi ya kahawa, na chanuo likadondoka kutoka ndani yake. Sitaandika aliyosema. Mwishowe akapigilia shuka kuukuu madirishani kwa mkono wake, akaapa kwamba zikitoka kabla ya kurudi, kuku wanahamia, na mimi nitalala nao.

Nimekubali kwa moyo wote.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Ziwani. Raha isiyosemeka. Mama watoto amelala kivulini, nywele zimesukwa zote, anakoroma kama msichana. Asubuhi alinishika mkono hadi majini, akaniita jina ambalo hajaniita tangu watoto waanze kutembea.

Jua ni kali, zuri. Watu wanapita karibu na karavani yetu na hawaoni kitu, shuka tu. Nimeshusha mbili, upande wa jua, kwa muda mfupi.

Mzee mmoja mwenye karavani kama yetu akasimama dirishani, akauliza ni mbao gani. Nikamwambia mninga. Akasikitika kwamba zake zimepauka, akaniuliza mimi nazitunzaje.

Nikamwambia afungue mapazia. Mninga hupenda jua.