Shamba Lisilo na Kitu

Jumatatu, 8 Oktoba 1973

Siku kubwa kwangu. Barua imekuja kutoka wilayani Lushoto, na mimi Nikodemo, balozi wa nyumba kumi, ndiye niliyeisoma mbele ya kijiji kizima. Niliisoma mara mbili. Mara ya pili hakuna aliyeomba, lakini sauti yangu ilikuwa nzuri.

Habari yenyewe ni kwamba njia kubwa ya umeme itapita huku milimani kwetu. Nguzo za chuma, ndefu kuliko mnara wa kanisa! Ijumaa wanakuja wataalamu wawili kutoka Dar es Salaam kutazama ipite wapi. Ama shambani kwangu, ama kwenye majabali ya Abrahamu, ambaye shamba lake limepakana na langu. Watachunguza athari kwa mazingira. Maneno hayo niliyasoma polepole, watu wakatikisa vichwa. Maana yake, njia itapita mahali ambapo haitaharibu maji, makaburi, miti mikubwa wala viumbe.

Abrahamu akasimama papo hapo. Mzee wa kanisa huyu ana bati jipya na redio ya betri, na hakuna kitu ambacho hataki awe nacho yeye. Akasema kwake kuna chemchemi tatu, makaburi saba na msitu. Msitu! Ana mawe na mbuzi wawili. Wengine nao wakaanza kutaja mali zao. Mimi nikanyamaza. Wajinga ndio waliwao. Barua hawakuielewa. Asiye na kitu ndiye atakayepata nguzo, na penye nguzo pana taa. Jambo lililo wazi hivyo mtu haulizi, hasa akiwa balozi.

Nimeshachagua mahali pa taa. Juu ya meza hii ninayoandikia, dirisha wazi, Abrahamu aione akiwa kitandani.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimelizunguka shamba kutafuta vitu vya kuficha. Balaa! Mungu amenijalia kupita kiasi. Kuna chemchemi ambayo haikukauka hata mwaka ule wa njaa, na nusu ya kijiji wanachota hapo. Kuna mkuyu mkubwa. Ndani ya mkuyu wamo hondohondo, wale ndege wa midomo mikubwa. Chini ya mkuyu kuna kaburi la babu. Mtu atapataje nguzo na mali zote hizi?

Nimeanza na chemchemi. Mbao nne, juu yake majani ya migomba, juu yake mabua ya mahindi. Sasa ni lundo la takataka, limependeza sana. Wanawake walikuja na ndoo. Nikawatangazia kwamba chemchemi imefungwa kwa ajili ya ujenzi wa taifa. Wameteremka kuchota bondeni, mwendo wa saa nzima, huku wakiimba. Nilisikia jina langu kwenye wimbo.

Dorkasi, mke wangu, aliniuliza ninafanya nini. Nikamwambia ni siri ya serikali. Akasema, "Baba Sefania, usiache mbachao kwa msala upitao." Kisha akaongeza jambo kwa Kishambaa. Sitaliandika. Daftari hili ni la Kiswahili.

Jumatano, 10 Oktoba

Zamu ya hondohondo. Nimegonga debe chini ya mkuyu tangu asubuhi. Dume ameruka mpaka bonde la pili, amerudi na matunda mdomoni. Nikagonga tena. Akarudi tena. Kichwa kigumu! Nikaleta tarumbeta yangu ninayopiga kanisani, nikampulizia kwa nguvu zangu zote. Akanijibu! Analia kama punda aliyebanwa na mlango. Tukaendelea hivyo, yeye na mimi, mpaka majirani wakaja kuuliza ni arusi ya nani.

Ikabidi nipande ngazi. Jike yumo ndani ya tundu la mti, amejiziba kwa udongo kama mtu anayekandika nyumba, ameacha ufa mdogo tu wa kupitisha mdomo. Atakaa humo mpaka kinda akue, na dume atamlisha siku zote hizo. Nilimwomba kwa adabu ahame. Halafu nikaingiza kidole gumba kwenye ufa ili nibandue udongo.

Baadaye. Ninaandika kwa shida. Dorkasi amekifunga kidole kwa kitambaa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Alhamisi, 11 Oktoba

Abrahamu ameteremka Mombo kuuza kabichi. Nafasi ndiyo hii! Nimeng'oa masale manne, ile mimea ya majani marefu, kwenye kaburi la babu. Kila mtu huku anajua kwamba penye masale pana kaburi, au pana mpaka. Nimemwomba babu radhi, nikamweleza kwamba hata yeye alipenda maendeleo. Mpango ulikuwa kuyapanda kwa Abrahamu, ili wataalamu wakute kaburi kwake na wasikute kwangu. Akili hiyo! Wakati mwingine najishangaa.

Kasoro moja tu, mbwa wa Abrahamu. Alinitokea nikiwa bado upande wangu, hatua kama sita kabla ya mpaka. Nikayapanda palepale, upesi upesi, kwa mstari mmoja, nikaondoka mbio. Si neno. Wageni wa Dar es Salaam watajuaje mpaka uko wapi?

Ijumaa, 12 Oktoba

Wamefika. Ndugu Alfred ni mpimaji, ana vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Ndugu Josephina, binti mdogo mwenye miwani mikubwa, ndiye wa mazingira. Anaandika miti, maji, ndege, kila kitu. Aliniamkia shikamoo vizuri kabisa. Nikaitikia marahaba kwa sauti ya kiofisa.

Niliwatembeza mwenyewe. Nikawaambia hapa hakuna kitu, ni shamba maskini, hata panya wamehama. Ndugu Josephina akauliza mbona ardhi ina unyevu. Nikasema ni umande. Ilikuwa saa saba mchana. Akauliza kwa nini njia iliyokanyagwa vile inaishia kwenye lundo la mabua. Nikasema wanawake wa huku wanapenda matembezi. Tulipofika chini ya mkuyu, hondohondo akalia. Nikakohoa. Akalia tena. Nikakohoa mpaka Ndugu Alfred akanipa maji yake ya kunywa. Ndugu Josephina akatazama juu, akatazama kidole changu, akaandika kwa muda mrefu.

Lakini Ndugu Alfred amepigilia vigingi vitatu shambani kwangu! Kimoja kiko futi kumi tu kutoka mlangoni! Amesema taarifa ya mwenzake isipokuwa na pingamizi, njia itapita hapa. Pingamizi la nini tena? Nilisimama kando ya kigingi mpaka jua likazama, ili wapita njia wanione. Walipita watu kumi na mmoja, na Abrahamu mara mbili.

Nikiwa pale nilimwona Dorkasi akitembea na Ndugu Josephina. Alikuwa amewapelekea wageni viazi shuleni wanapolala, naye binti akamsindikiza kurudi. Walizunguka kwenye mkuyu, wakaenda upande wa chemchemi, Dorkasi akinyoosha mkono huku na huku. Anamwonyesha mandhari. Vizuri, mgeni afurahi.

Jumamosi, 13 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Nilimkaribisha Ndugu Alfred chai, nikamwonyesha mahali pa taa. Akauliza taa gani. Nikasema taa ya nguzo yangu. Akaweka kikombe chini. Akanieleza polepole, kama mwalimu wa elimu ya watu wazima, kwamba umeme wa njia hii ni mkubwa mno, unapita kwenda mijini, haushuki njiani. Hauwezi kuwasha taa ya nyumba ya mtu. Na chini ya nyaya, hatua ishirini kila upande, haubaki mti. Wala mgomba. Wala nyumba. Tutapewa kiwanja kingine huko chini tambarare, njia ya Mombo.

Nikauliza nyumba ipi hiyo. Akainua kijiko, akaelekeza kwenye dari yangu.

Nimezaliwa katika chumba kile cha nyuma. Babu amelala chini ya mkuyu, na mimi nimemng'olea masale yake. Niliogopa. Nimeliandika na silifuti. Nilikaa kizingitini, Dorkasi akaja akakaa kando yangu, tukautazama mkuyu. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Abrahamu alipita akanipongeza kwa nguzo. Alijua tangu mwanzo kwamba njia inakula ardhi na haitoi taa! Alisikia kwenye redio, kipindi cha wakulima. Ndiyo sababu ya chemchemi tatu na makaburi saba.

Jumapili, 14 Oktoba

Leo sikupiga tarumbeta kanisani, mara ya kwanza tangu uhuru. Asubuhi nilimkimbilia Ndugu Josephina kule shuleni, nikamwambia nina kila kitu. Nina chemchemi! Nina kaburi! Nina hondohondo, na ushahidi huu hapa, nikamwonyesha kidole. Akasema, "Lakini mzee, juzi ulisema hata panya wamehama." Nikamwambia wamerudi.

Tukaenda wote watatu. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mdomo kumwonya Ndugu Alfred juu ya lundo la mabua, alipolipanda ili aone mbali. Akazama mpaka kiunoni. Baada ya hapo hakuna aliyebisha kwamba pana maji.

Kaburi lilikuwa gumu zaidi. Udongo mtupu na mashimo manne. Nikasema masale yamekwenda kutembea kidogo. Mara akatokea Abrahamu, ametoka kanisani, wazee wawili wako nyuma yake. Amekuja kunishukuru kwa kumpa hatua sita za ardhi! Nikapinga. Wazee wakauliza ni nani aliyeyapanda yale masale kule. Nikajifanya nakaza kitambaa cha kidole. Wakauliza tena. Nikasema ni mimi, lakini nia yangu ilikuwa nyingine. Wakasema nia haina mizizi, masale yanayo. Mtu akipanda masale kwa mkono wake mwenyewe ndani ya shamba lake, ameweka mpaka. Kesi ilikwisha kabla suruali ya Ndugu Alfred haijakauka.

Alasiri nimemtafutia babu masale mengine. Nimeyapanda vizuri, nimemwagilia. Sikumweleza mambo mengi.

Jumanne, 16 Oktoba

Ushindi! Ndugu Josephina amesoma taarifa mbele ya kijiji. Shamba la Nikodemo lina chemchemi inayonywesha kaya arobaini, mkuyu wa zamani, kaburi la ukoo, na kiota cha hondohondo ambacho jike yumo ndani. Njia isipite hapo kabisa. Ipite kwenye majabali ya Abrahamu, ambako alitafuta chemchemi tatu asione hata tope. Makaburi saba aliyoonyeshwa yalikuwa matuta ya viazi, yote. Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, ila kwa heshima ya cheo nilijifunika kofia.

Akasema zaidi. Alisema tangu Ijumaa alikwisha kuyajua yote, kwa sababu mwenyeji wa shamba alimwonyesha kila kitu, hata chemchemi iliyofichwa chini ya mabua. Nikasimama, nikainamisha kichwa kwa shukrani. Mwenyeji ni nani kama si mimi? Sikumbuki kumwonyesha siku hiyo ya Ijumaa, lakini kiongozi hufanya mengi, hawezi kuyakumbuka yote. Watu wakapiga makofi. Dorkasi alikuwa ameinama, mabega yanatikisika tena. Machozi ya fahari.

Vigingi vimeng'olewa. Wanawake wamerudi kuchota maji, na wimbo wameubadilisha, au labda wameupunguza sauti. Jioni nilichukua tarumbeta nikampigia hondohondo ubeti mmoja, naye akanijibu. Nilisikia raha moyoni. Nchi yetu ina umeme wake, ina milima yake, na ina watu kama mimi wa kuitunza.

Jumamosi, 20 Oktoba

Nimefungua dirisha nikaona jambo baya. Vigingi vyekundu juu ya majabali ya Abrahamu! Nguzo tatu zitasimama pale. Zitaonekana mpaka Mombo, pengine mpaka Irente. Na yeye hahamishwi, kwa kuwa nyumba yake iko mbali, ng'ambo ya kijito. Jana alisimama kando ya kigingi mpaka jua likazama, eti wapita njia wamwone. Mtu mwenye majivuno anachosha sana.

Nilimfuata Ndugu Alfred kumuuliza kwa nini nguzo zote ziende kwa mtu mmoja, hii ni nchi ya ujamaa. Akasema amechoka, lakini akajibu. Nguzo hupenda mahali penye jiwe, ndipo isimame imara.

Jiwe tu! Si wangesema mapema?

Tangu alfajiri nabeba mawe. Nimeshajaza kona yote ya chini, ile iliyo mbali na nyumba. Sitaki tatu, sina tamaa. Moja tu, hata fupi. Chemchemi nimeifunika tena kwa mabua, ila ni kwa siku chache, mpaka Ndugu Alfred apite aone mawe yangu. Kidole kinaniuma kidogo.

Dorkasi ameyatazama mawe, ameyatazama mabua. Amejifunga kanga, amechukua kapu la viazi. Anasema anakwenda shuleni kumsalimia Ndugu Josephina kabla hajaondoka. Mke mwema huyu. Nimemwambia amsalimie na kwa niaba yangu.