Msafara wa Pikipiki Ishirini na Nne Kwenda Kutazama Majani Mekundu ya Makambako

Hotuba iliyotolewa na Bwana Sila Mwalongo, Katibu Mkuu wa Kamati ya Msafara, Njombe, mbele ya watu waliokusanyika ukingoni mwa msitu wa Mama Dorkasi, Makambako, mwezi wa Oktoba 1952.

Mheshimiwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya yetu, ambaye hayupo. Mheshimiwa msaidizi wa Bwana Shauri, ambaye hakualikwa ili asimtangulie mkubwa wake. Jumbe wetu mpendwa. Mchungaji na wazee wa kanisa. Bwana Kefa, mwenye duka na mizani isiyobishiwa. Mabibi na mabwana wa Makambako, pamoja na ninyi mliotoka Yakobi tangu juzi mkidhani kuna nyama: kamwene. (Kamwene.) Kamwene tena, maana ile ya kwanza ilikuwa yangu binafsi na hii ni ya Kamati. (Kamwene. Kicheko.)

Mimi ninayesimama mbele yenu na miwani hii ya upepo kwenye paji la uso si mtu wa kuokotwa njiani. Nilimaliza darasa la nne, na la tano nililisikiliza dirishani. Nimefika Bama vitani na jeshi la Keya la Waingereza, nimekula samaki wa kopo katika nchi tatu, na pikipiki naijua ndani na nje, kwa kuwa kapteni wetu alikuwa nayo na mimi ndiye niliyeiosha. (Makofi machache.)

Sasa, kwa mujibu wa taarifa niliyopewa ana kwa ana na Bwana mmoja Mzungu wa mashamba ya miti ya miwati kule Njombe, huko kwao Ulaya kila mwaka majani ya miti yakigeuka mekundu, watu wazima wenye akili zao hupanda pikipiki kwa makundi, wakaenda maili hamsini, wakasimama, wakayatazama, wakarudi nyumbani. (Bwana Kefa: “Hawachumi kitu?”) Hawachumi kitu. (“Hata kuni?”) Hata kuni, Bwana Kefa, na hiyo ndiyo inayoitwa divelopmenti. (Kicheko kirefu.)

Ndipo Kamati yangu, baada ya mikutano kumi na saba, sabukamati nne na saveyi moja iliyofanywa kwa macho, ikapitisha skimu ya pikipiki ishirini na nne, zitakazotoka Njombe saa mbili kamili kwa taimtebo, mbilimbili, kwa mwendo wa heshima, mpaka hapa penye miyombo ya Mama Dorkasi, ambamo kwa hesabu zetu mna majani mekundu laki nne na elfu kumi na mbili, ukiacha yale yaliyoliwa na mbuzi wakati wa kuhesabu. Na kwa vile Bwana yule alisema majani ya kwao hugeuzwa na baridi, Kamati ilipanga mwezi wa Juni, wakati sisi wa Njombe tunapoamka na kukuta umande umeganda juu ya viazi. Nikaja mwenyewe Juni, nikakuta kijani kilichochakaa na vumbi. Kamati haikukosea, majani ndiyo yaliyochelewa, nayo yameandikiwa barua. (Kicheko.) Ili yasituponyoke tena, nikauzungushia msitu huu kamba ya mkonge, nikabandika karatasi yenye mhuri wa wino wa zambarau: REZAVU YA KUTAZAMA, MARUFUKU KUKATA.

(Mama Dorkasi anasimama, shoka begani: “Mwanangu Sila, hapa ndipo ninapolima ulezi mwaka huu. Matawi yakatwe, yakauke majuma matatu, yachomwe, nipande kwenye majivu. Nimeiheshimu kamba yako tangu Juni, na mvua haijui kusoma karatasi. Nikate au nisikate?”)

Swali zuri sana, mama, nalo litaingia kwenye minitsi za...

(“Halafu majani haya si ya kufa kama ya huyo Bwana wako. Ni machanga, ndiyo kwanza yanazaliwa. Mvua ikinyesha, yenyewe yatakuwa kijani na mimi nitakuwa na njaa.”)

Kamati imesikia. (Bwana Kefa: “Katibu, pikipiki ziko wapi? Tumetega masikio tangu asubuhi.”) Zinakuja kwa awamu. (“Awamu ya kwanza ni nani?”) Ni mimi. (“Mbona vumbi limekufika magotini?”) Dereva hodari hushuka kwenye mlima asiichoshe mashine. (“Kutoka Njombe mpaka hapa ni mlima wote?” Kicheko, Mchungaji anajifuta macho.)

Basi, ndugu wananchi, nihitimishe kwa kaulimbiu zetu: Majani Mekundu, Tanganyika Safi. Leo Kutazama, Kesho Kutazama Zaidi. Na sasa shukrani. Namshukuru Dada Noela wa Ipelele, aliyetoa kile kiazi kikubwa nilichokichonga kikawa mhuri wa Kamati, nami nikakichemsha na kukila jioni ileile, kwa hiyo ile marufuku ya kukata haina nguvu tangu siku yake ya kwanza. Nawashukuru wajumbe wote wa Kamati, yaani mimi, kwa kuhudhuria mikutano yote kumi na saba. Nawashukuru madereva ishirini na nne kwa nidhamu yao, maana hakuna aliyeanguka, hakuna aliyechelewa, na hakuna aliyewahi kuzaliwa. Namshukuru Bwana wa miwati, mwenye pikipiki pekee niliyowahi kuiona Njombe, aliyeiuza kabla ya Pasaka akaniachia miwani hii. (Kicheko kisichokatika.)

Na wewe Mama Dorkasi nakushukuru kuliko wote. Nilianza kwa kujigamba kilabuni juu ya msafara huu, watu wakacheka wakaenda zao, ila wewe peke yako uliiamini karatasi yangu miezi minne mizima. Nilipoambiwa hujakata hata tawi, niliona haya kukaa Njombe, nikatembea siku mbili. Kamba ninaikata mwenyewe. (Anaikata.) Hebu tuyatazame kidogo, kwani ni mazuri kweli, hesabuni mpaka mia. (Watu wanatazama. Hakuna anayecheka.) Asanteni. Kata, mama. Na mwenye shoka la ziada aniazime, maana jua la majuma matatu linaanza leo.