Milingoti Mitatu na Daktari wa Meno

Jumatatu, 3 Machi

Nimedhulumiwa. Mwenyekiti wa Chama chetu cha Waunda Meli Ndogo ametangaza kwamba Jumamosi hii tutachagua meli moja, moja tu, ya kuwekwa kwenye kabati la vioo pale mlangoni mwa maktaba. Itakaa humo mwaka mzima! Kila anayekuja kurudisha kitabu ataiona, na chini yake jina la aliyeiunda. Moyo wangu ukaruka. Hapo hapo Daktari wa Meno akakohoa na kusema na yake imekaribia kukamilika.

Na yake! Huyu ni jirani yangu wa ghorofa ya juu. Mwaka jana aliniona napandisha boksi langu ngazini, akauliza kuna nini ndani. Ukarimu ukaniponza, nikamwonyesha: meli ya matanga, milingoti mitatu, vipande vyote humo humo, unaunganisha mwenyewe. Wiki iliyofuata naye ana boksi. Meli ile ile! Mtu mzima, hana haya. Sasa anataka na kabati.

Nimemweleza mke wangu kwamba huo si ushindani wa haki. Mtu anayeshinda akichokonoa vishimo kwa vyuma vyembamba angewekwa kundi la peke yake. Mimi nauza vigae. Mikono yangu imezoea vitu vinavyoonekana. Mke wangu akasema nile kabla chakula hakijapoa. Sahani nilikuwa nimeipakata, kwa sababu meli iko mezani. Akaongeza kwamba meli isipoingia kabatini Jumamosi itaingia uvunguni mwa kitanda, maana amechoka kula kama msafiri ndani ya nyumba yake. Nimemwambia atulie. Kabati ni langu.

Jumanne, 4 Machi

Balaa! Nilipuliza vumbi tu. Mlingoti wa kati ukalala. Nikauinua, ukalala wa nyuma.

Nimetafuta kijitabu cha maelekezo. Nilikuwa nimekipachika dirishani lisigonge. Hakina maneno, picha tupu. Picha ya kumi na nne inaonyesha kila mlingoti ukipita kwenye tundu la sitaha, ukishuka hadi kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa chini kabisa, na kugandishwa huko. Picha hiyo niliiruka. Niliona imewekwa kwa ajili ya watoto. Mimi nilibandika sitaha bila tundu hata moja, nikaipaka vanishi ikang'aa, kisha nikaisimamisha milingoti juu yake kwa tone la gundi. Kumbe muda wote huo ilisimama kwa kunistahi tu.

Kuibandua sitaha ni kazi ya wiki kadhaa, na sina wiki kadhaa. Kwa hiyo nimefikiri kihandisi. Mlingoti ukivutwa na kamba kutoka pande zote, mkuku wa nini? Shida ni kwamba kamba zangu zimelegea. Ninahitaji uzi unaojivuta wenyewe. Mke wangu ni fundi cherehani, na katika kopo lake nimeukuta: uzi wa lastiki, ule wa kukunjia viuno vya magauni. Unavutika, unarudi, hauchoki. Nimeufunga wote, huku nikiukaza kwa meno.

Milingoti imesimama wima kabisa. Ukisogea karibu, meli inatoa mlio mwembamba kama wa mbu. Nadhani ndivyo kazi safi inavyolia. Nashangaa waliotengeneza boksi hawakulifikiria jambo jepesi hivi.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu amefungua kopo. Kuna mteja anayesubiri magauni sita, na sasa magauni sita hayana viuno. Ameniuliza kama niko timamu. Nimemjibu kwamba anayeacha nyenzo muhimu ovyo asilalamike zikipata matumizi bora. Jibu hilo halikupokewa vizuri.

Lakini kichwa changu kilikuwa kwingine. Katika Chama tuna utaratibu wetu. Tunakaa duara, na kila mtu anampa meli yake aliyekaa kushotoni kwake. Huyo anaishika, anaipapasa, anaigeuza, kisha ni lazima ataje sifa moja na kasoro moja. Mwenyekiti anapima kasoro zote na kuamua. Sasa, meli yangu haipapaswi. Mtu akiugusa uzi mmoja tu sijui itakuwaje. Au tuseme najua.

Nimefikiri mpaka masikio yakapata moto. Kisha nikaona mwanga: Mwenyekiti mwenyewe! Alianguka bafuni mwezi uliopita na mikono yake yote miwili imefungwa plasta. Hawezi kupapasa hata akitaka. Nikikaa kuliani kwake, meli yangu itamwendea yeye, ataitazama kwa macho tu, atasema nzuri, kwisha! Tatizo ni kwamba kiti cha kuliani kwake ni cha Daktari wa Meno. Amekikalia tangu ajiunge, kama kwamba amekirithi.

Mpango: nitakwenda kwenye kliniki yake nikijifanya jino linauma. Nitamlainisha kwa maneno matamu, kisha nimwombe tubadilishane viti. Jino langu halina neno lolote. Hapo ndipo penye ujanja.

Alhamisi, 6 Machi

Siwezi kutafuna. Naandika nikiwa na hasira ambazo hata kalamu inazijua.

Daktari alinilaza kwenye kile kiti chake, akachungulia, akasema nimefanya vyema kuja kwa sababu kuna tundu. Uongo mtupu! Kabla sijafungua mazungumzo ya viti, akanijaza pamba mashavuni na kuning'iniza bomba la kunyonya mate mdomoni. Ndipo yeye akaanza kuzungumza. Akasema siku zote anaona vibaya kwamba sisi ni majirani lakini kwenye Chama tunakaa mbalimbali kama tumegombana. Akaniomba Jumamosi akae kushotoni kwangu, aipokee meli yangu kwa mikono yake, kwa kuwa ana hamu ya kuzichunguza kamba zangu kwa karibu.

Nilikataa. Nilikataa kwa nguvu zangu zote! Kilichotoka ni "aaaah" na mate. Akanishukuru sana. Akasema hakutegemea ningekubali kwa moyo mkunjufu kiasi hicho. Kisha akawasha mashine.

Nimerudi nyumbani shavu limevimba. Mke wangu amenipikia uji bila kuniuliza kitu, na huo ndio ukatili wake mbaya zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Sikubali. Wakati wa mapumziko ya mchana nimetoka dukani na kwenda ukumbi wa maktaba. Mkutubi alikuwa ameshapanga viti duara. Nimebandika karatasi kubwa kwenye kiti cha Daktari: RANGI MBICHI, USIKALIE. Kesho atakiona, atakikwepa. Mimi nitaingia mwishoni, nibandue karatasi kimyakimya na kukaa. Kushotoni kwangu atakuwa Mwenyekiti, na Daktari atakosa pa kujipenyeza.

Nimeupitia mpango huu mara kadhaa nikitafuta dosari. Hauna. Mkutubi aliniona natoka nikitabasamu, akauliza kama nimepata kitabu kizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Naandikia jikoni. Sebuleni yuko mke wangu, na anacheka peke yake.

Mambo yalianza kama nilivyopanga. Daktari alikikwepa kiti, akakaa upande wa pili wa duara na meli yake mapajani. Nikaingia, nikaibana karatasi kwapani, nikakaa. Mwenyekiti akapiga yowe! Akasema nimekalia rangi mbichi. Alikuwa amevaa gauni jeupe, akainuka upesi na kuhamia viti vitatu mbali, akiniomba radhi na kunihurumia suruali. Ningesema nini? Kwamba rangi ni kavu? Nani ameniambia? Nikabaki nimekaa kama mtu anayeona raha kukaa kwenye rangi.

Daktari akaona kiti cha kushotoni kwangu ni kitupu. Akaja mbio na meli yake, akasema suruali ni kitu kidogo, ahadi ni ahadi, na mimi na yeye tulishakubaliana. Watu wakapiga makofi kwa ujirani mwema namna hiyo.

Akaiweka meli yake sakafuni mbele yetu na kuipokea yangu. Nikamwambia aitazame tu, asijichoshe. Akasema hawezi kunivunjia heshima kiasi hicho. Akataja sifa kwanza: hajapata kuona kamba zilizokaza namna ile. Ukumbi mzima ukanigeukia. Nakiri nilifurahi. Kisha akatoa kibano mfukoni na kuugusa uzi wa nyuma, taratibu, kama anavyogusa jino la mtoto.

Mlingoti wa nyuma ulitua kwenye kikombe cha chai cha mkutubi. Wa mbele haujaonekana mpaka sasa, ingawa mtu mmoja aliusikia ukigonga huko kwenye rafu za historia. Wa kati ulikwenda chini moja kwa moja na kuvunja mti wa omo ya meli ya Daktari, ule unaochomoza mbele. Lastiki ikaning'inia sikioni mwangu.

Daktari akakumbuka kwamba bado anadaiwa kasoro. Akasema kwa upole kuwa milingoti yangu haina mizizi, na kwamba jino la namna hiyo yeye angeling'oa. Kila mtu akacheka. Kila mtu! Hata Mwenyekiti, ambaye hawezi kujifuta machozi mwenyewe.

Uamuzi: kwa kuwa meli nzuri mbili zimeumia, kabati litabaki tupu hadi Jumamosi ijayo, zitengenezwe. Sijui kwa nini hakuna aliyenishukuru kwa kutupatia muda huo wa nyongeza.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi hodi mlangoni. Daktari, na mkoba wake wa kazi na meli yake iliyovunjika. Mkutubi alikuwa amempa ule mlingoti uliopotea. Nilijiandaa kusimangwa. Hakunisimanga. Aliketi mezani, akaingiza chuma chembamba chini ya sitaha yangu na kuiinua bila kuikwaruza, kisha tukatoboa matundu pamoja na kuishusha milingoti mpaka kwenye mkuku. Ilipofika saa sita ilikuwa imesimama yenyewe. Niliipuliza. Haikutikisika!

Nikamuuliza kwa nini anajisumbua, na mimi ndiye niliyemvunjia meli. Akasema tangu watoto wake waondoke nyumba yake ilikuwa kimya mno, na alikuwa anaogopa kurudi jioni. Siku niliyomfungulia boksi pale ngazini ndiyo siku aliyopata cha kurudia nyumbani. Akasema hajawahi kunishukuru. Nimemwita mwizi mwaka mzima, na moyoni niliona aibu, aibu ya kweli. Mke wangu akageukia dirishani.

Alipoondoka kwenda kula aliniachia meli yake niugandishe ule mti wa omo. Alisema ananiamini.

Nimeugandisha, na umekaa vizuri. Kisha nikazitazama zote mbili, bega kwa bega mezani. Boksi moja, rangi moja. Sasa yangu ina mizizi, yake ina mti wa omo. Ila yake, nikisema kweli, ni safi zaidi. Tofauti inayoonekana kwa mtu wa kawaida ni kibao kidogo cha shaba nyuma ya kila meli, chenye jina la aliyeiunda. Vibao vinabanduka kwa ukucha. Na tukiangalia kwa haki, ule mti wa omo nimeugandisha mimi. Meli yenye kazi ya mikono yangu ni ya nani?

Gundi hii ni ya kihuni! Kwenye chupa wameandika inashika baada ya dakika tano. Imeshika papo hapo. Kibao chenye jina la Daktari kimenasa kwenye dole gumba langu la kulia, na chenye jina langu kimenasa kwenye kidole kinachofuata. Naandika kwa mkono wa kushoto. Mke wangu amenikuta hivi, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akapanda juu kumwita Daktari, kwa kuwa yeye ana dawa ya kubandua gundi.

Nasikia viatu vyake ngazini. Nitamwambia nilikuwa navisafisha. Mimi sina kosa hapa, kosa ni la gundi. Akishanibandua na kuondoka, nitatumia gundi ya maji, isiyoshika upesi.