Casimir na Mtihani wa Gofu

Jumatatu, 4 Juni 1956, Baraka
Habari kubwa! Ulaya kuna watu wanaolipwa kwa kupiga kampira ka gofu! Ameniambia Bwana Albert, Mbeleji wa kampuni ya pamba. Mimi ni fundi cherehani, lakini kila Jumapili namubebea fimbo zake akicheza. Anasema hawaingii ovyo. Kwanza mtihani: Jumatatu wanacheza wengi, wanapita wachache, ndipo wanaruhusiwa kushindana na wakubwa mji kwa mji. Na huko, baada ya siku mbili, nusu wanakatwa. Sikuuliza wanakatwa wapi.
Jumamosi atatupima sisi wabeba fimbo, mimi na Lukmani wa kijiji cha Swima. Atakayepita anakwenda Usumbura, ng'ambo ya ziwa, kuwa msaidizi wa mwalimu wa gofu. Mshahara! Viatu! Nimemwambia mke wangu Émilienne. Akauliza suruali za watu nitazimaliza lini. Hana macho ya mbali.

Jumanne, 5 Juni
Nimemchungulia Lukmani akijifunza nyuma ya depo ya pamba. Anapiga mara tatu, kampira kameingia shimoni, basi, anaondoka. Mvivu! Mimi shimo hilohilo nimepiga mara kumi na tisa. Nikamwonea huruma. Kidogo tu.

Alhamisi, 7 Juni
Sikulala. Je, Lukmani akistuka akaanza kupiga nyingi? Nimemtega. Nimemwendea kama rafiki, nikamdanganya kwamba Bwana Albert hapendi mtu wa kupiga sana, kwa hiyo apige kidogo iwezekanavyo. Akajibu kwamba anajua, akanishukuru, akanipa mikeke watatu. Anajua? Anajua nini? Samaki walikuwa watamu.

Jumamosi, 9 Juni
Mtihani. Watu wamejaa, hata bamama wa sokoni. Lukmani kamaliza mashimo yote matatu kwa kupiga mara kumi na moja. Masikini! Mimi nikapiga kwa bidii: majanini, mchangani, katika muhogo wa Mama Pulchérie. Jasho! Tisini na nne! Nikainua mikono. Watu wakapiga makofi. Wengine walikaa chini kwa kucheka.
Bwana Albert akamshika Lukmani mkono. Nilidhani anampa pole. Kumbe ndiye aliyepita!
Nikamwuliza: "Bwana, tisini na nne na kumi na moja, gani kubwa?"
"Yako."
"Sasa?"
"Sasa umeshindwa, Casimir. Anashinda aliyepiga kidogo."
Kichwa kinazunguka. Kwenye futiboli magoli mengi yanashinda. Masomoni, alama nyingi. Hata sadaka, padri anapenda nyingi! Nani alipindua hesabu?
Nyumbani Émilienne akanitazama sana. "Baba Florentine, kupiga kidogo tu kumekushinda? Na kazi zote we unafanyaka kidogo!"
Nikaenda kulala bila kula. Halafu nikaamka nikala.

Jumatatu, 11 Juni
Lukmani ameondoka na mashua, miguuni viatu vyeusi. Alinipungia mkono kwa furaha, akapiga kelele kwamba hatasahau shauri langu.
Lakini Bwana Albert anasema kutakuwa na mtihani mwingine mwezi wa kumi na mbili. Na gofu sasa nimeielewa barabara. Aliyepiga kidogo ndiye anapita. Basi siku hiyo sitakanyaga uwanjani kabisa! Nitabaki kitandani, fimbo sigusi. Sifuri! Nani atapiga chini ya sifuri?
Nimemwomba Émilienne aninyooshee suruali ya safari.