Kuhamia Namba Tisa Wakati wa Homa

Alhamisi, 11 Julai 1957

Namba Tisa iko wazi! Josephat, yule wa kuchochea moto wa injini, amehamishiwa Taveta na jamaa yake yote. Vyumba viwili na jiko lake nyuma. Katika landi, safu hizi za nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Voi, nyumba ya namna hiyo haipatikani kila mwaka. Nilikimbia kwa Bwana Masta wa stesheni. Kilonzo alikuwa ameshafika. Huyu Kilonzo wa kuunganisha mabehewa huwa ameshafika kila mahali.

Kilonzo ana Wanza mkewe na watoto, wote wamebanana chumba kimoja. Mimi nina Dinah na Elsie wetu mdogo, lakini wako Wusi, milimani, kwa mama mkwe tangu Pasaka. Dinah alisema moshi wa jiko la watu sita unamkohoza mtoto, na kwamba nikipata nyumba yenye jiko lake atashuka. Sikumweleza Masta hayo yote. Nilimwambia tu kwamba mke wangu anashuka Jumamosi ya wiki ijayo. Ilikuwa habari mpya hata kwangu.

Masta akasema mimi nimetangulia kazini, kwa hiyo nihamie. Lakini Jumamosi hiyo ikipita bila mke kuonekana, nyumba ni ya Kilonzo.

Jioni nikamkamata Donald, dereva wa lori la mboga la Werugha, nikamtuma kwa Dinah: nyumba imepatikana, jiko lipo, njoo na Elsie. Donald alifunga kitambaa puani muda wote nikisema naye.

Ijumaa, 12 Julai

Siku ya kuhama. Hakuna aliyekuja.

Ni hii homa ya mafua. Ilishuka melini Mombasa ikapanda treni, na sisi wa reli tukawa wenyeji wake. Nusu ya landi wamelala. Maundu jirani yangu nilimwomba anishikie kitanda upande mmoja, akakohoa kabla sijamaliza kusema. Nilipokata kona nikamsikia akiimba.

Obadiah, dresa wa zahanati, akanisimamisha njiani kunifundisha kuhama wakati wa homa. Nisikusanye watu. Nibebe kidogo kidogo peke yangu. Nipake kuta chokaa, nianike godoro juani, niache madirisha wazi, nisinywe kikombe kimoja na mtu. Nilimwambia kikombe changu hakina mtu wa kukinywea tangu Pasaka. Akasema hiyo ndiyo afya.

Basi nikafuata yote. Nikapaka chokaa, nusu ukutani, nusu kichwani. Nikaanika godoro, na mbuzi wa kutojulikana akala kona moja. Masufuria, taa, picha ya harusi, vyote nimebeba mwenyewe. Kimebaki kitanda cha chuma, ambacho hakibebeki na mtu mmoja. Nimekiacha nje ya chumba cha zamani, miguu juu.

Jumapili, 14 Julai

Nimelala sakafuni. Mgongo unanilaumu.

Nilipotoka kanisani nimemkuta Kilonzo na Wanza dirishani mwangu, wakichungulia. Wanza alikuwa anapima dirisha kwa leso yake. Walisema wamekuja kunijulia hali. Hali yangu iko dirishani? Nafahamu njama hizi. Nitaenda kazini, watatanguliza kitanda ndani, na aliyetanguliza kitanda ndiye mwenye nyumba.

Nimewaza mchana kutwa. Kisha nikacheka peke yangu. Kazi yangu stesheni ni nini? Ni bendera. Nyekundu, simama. Kijani, pita. Hakuna mtu wa reli, awe mkubwa au mdogo, atakayepita bendera nyekundu bila kutetemeka. Hata Kilonzo. Ninayo moja kuukuu kabatini.

Nimeitundika mlangoni. Halafu nikapiga chafya tatu kubwa pale nje ili landi zote zielewe maana yake.

Jumatatu, 15 Julai

Mimi ni fundi! Kilonzo alikuja asubuhi na kamba mkononi. Aliona bendera akasimama kama treni. Akarudi nyuma bila kugeuka.

Saa nne Masta mwenyewe akaja, akasimama ng'ambo ya njia. Akanipigia kelele nisikanyage stesheni mpaka dresa aseme nimepona. Obadiah naye akasema, kutoka mbali hivyo hivyo, nikae ndani wiki nzima, na bendera ile ni akili nzuri sana, isitolewe.

Hili sikulipanga. Nikiitoa sasa, Masta atajua nilidanganya na nyumba imekwenda. Nikiiacha, mimi ndiye mgonjwa. Afya yangu haijawahi kuwa nzuri kama leo.

Jumatano, 17 Julai

Hakuna mtu. Wanawake wakienda bombani wanazunguka nyuma ya ghala. Watoto wa Kilonzo wamepata mchezo mpya: wa kwanza kuigusa ngazi yangu ni shujaa. Bado hajapatikana shujaa.

Treni ya Mombasa imepita. Nilijua sauti ya filimbi ya mwenzangu kule jukwaani, nikainua mkono dirishani. Hakuna aliyeuona.

Nilianza kuongea na birika. Nikaacha, kwa sababu nilikuwa nikiliachia birika zamu yake ya kujibu.

Wanza ameacha uji juu ya jiwe pale nje, akapiga makofi mawili, akaondoka mbio. Uji wa wimbi, wenye sukari. Nadhani anataka nimhurumie nimwachie nyumba. Niliunywa wote. Nikamkumbuka Dinah kila kijiko.

Jumamosi, 20 Julai

Siku mbaya. Naandika ili niache kutembea ndani ya nyumba.

Mpango ulikuwa safi. Lori la Donald hufika alasiri. Nilikusudia kuishusha bendera saa sita, ninyoe ndevu, nimpokee Dinah mlangoni, na Masta akija amkute mke jikoni nami nimepona kwa ghafla. Lakini saa tatu nikamwona Masta akija na Obadiah kukagua landi. Nikachemsha majani ya mkaratusi upesi, nikajifukiza chini ya blanketi pamoja na sufuria, nikawa nagumia kwa sauti. Nilipaswa kusikika mpaka ng'ambo ya njia.

Humo ndani ya blanketi nikasikia gari. Likasimama. Nikafikiri ni gari la dresa, nikagumia zaidi. Likaondoka.

Nilipojifunua, Wanza alikuwa amesimama kule mbali, mikono kichwani. Akaniambia kwa sauti:

"Baba Elsie, mama Elsie alikuja, lori leo limewahi. Ameona bendera. Alisimama pale na mtoto mgongoni akasikiliza unavyoumia, akalia, akasema hawezi kumwingiza mtoto kwenye homa. Amerudi na Donald."

Nilitoka mbio na blanketi langu. Nilikimbia barabara ya Mwatate nikiita. Watu sokoni waliona mgonjwa wa bendera nyekundu anakuja, nao wakakimbia, wengine kuelekea nilikokuwa naelekea, kwa hiyo kwa muda nilionekana nafukuza mji mzima. Lori sikuliona, vumbi lake tu.

Elsie ameota meno, amesema Wanza. Meno mawili chini. Sikuyaona.

Jumapili, 21 Julai

Nimeishusha bendera. Hakuna wa kumficha tena.

Masta amekuja baada ya kanisa. Nilingoja aseme nitoke. Akasema, akiwa amekunja uso, kwamba Wanza hataki kusikia habari ya Namba Tisa. Hawezi kulaza watoto mahali palipolala homa. Hakuna mwingine anayeitaka. Kaa nayo, akasema.

Kwa hiyo nimeshinda. Vyumba viwili! Nikikohoa katika kimoja, cha pili kinajibu. Nimeingia jikoni nikasimama. Ni jiko zuri, halina moshi wa mtu yeyote.

Alasiri Kilonzo akaja, kitambaa puani, akashika kitanda changu cha chuma upande mmoja bila kuombwa. Tulikibeba mpaka ndani tukakigeuza miguu chini. Alipumzika kidogo, akaniangalia.

"Baba Elsie, ile kamba Jumatatu ilikuwa ya kitanda hiki. Ungeniita tu, ningekusaidia. Nyumba ni yako, mimi nilijua."

Akaenda zake. Nilikaa kitandani, nikataka kumfuata nimshukuru. Halafu nikamwelewa. Alitaka tu kuona ndani kukoje.

Jumatatu, 22 Julai

Donald amepita na kabichi. Nilimwambia amwambie Dinah nimepona kabisa, aniangalie, nikaruka mara kadhaa mbele yake. Akasema Dinah alimsikia mgonjwa kwa masikio yake mwenyewe, na mama mkwe amekataa: mtoto hatashuka mpaka homa iishe Voi nzima. Iishe lini? Donald hajui. Obadiah hajui. Mimi nitakuwa nimezoeana na birika.

Nimewaza. Kosa langu sasa nimeliona waziwazi: nilikuwa mgonjwa nusu nusu. Mgonjwa watu humwogopa, humtazama kutoka ng'ambo ya njia. Lakini matangani hakuna anayekosa. Homa iwe kali namna gani, watu wetu watateremka milima yote kuja kuzika, na mke na mtoto ndio wa kwanza. Hata mama mkwe atakuja, na akija ataliona jiko.

Donald anapita tena Alhamisi. Nitamwomba Kilonzo ampe habari ya kifo changu, maana haifai niitangaze mwenyewe, na Kilonzo ana uso wa msiba tangu kuzaliwa.

Dinah atafika analia, atanikuta nimeketi mlangoni, nimenyoa, nimevaa suti ya harusi. Mzima! Ni mke gani atakayekasirika kwa hilo?