Samaki wa Waingereza na Cherehani ya Mama Zakia

Alhamisi, 4 Septemba 1958

Habari kubwa leo. Tumeisikia redioni, kwa Bilali kinyozi. Waingereza wamegombana na nchi iitwayo Aislandi. Sababu ni samaki. Aislandi imesema bahari iliyo karibu nayo ni yake, mgeni asivue humo. Waingereza wamepeleka manowari.

Wengine wamecheka. Mimi sikucheka. Serikali haipeleki manowari kwa jambo dogo. Samaki wamewaishia, na Mwingereza bila samaki hakai. Nani atamlisha? Ziwa letu liko pale.

Maige, anayeuza samaki mkabala na meza yangu sokoni, ameuliza kama Aislandi ni kisiwa kama Ukerewe. Nimemwambia ndiyo, ila kina barafu. Akauliza wanakaaje. Mtu wa namna hiyo hawezi kuona mbali.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimevuka ziwa hadi Kamanga. Wavuvi wana samaki wengi, ngege waliokaushwa kwa moshi. Nimewaeleza habari za Ulaya. Mkubwa wao, Kija, amesikiliza vizuri, kisha akasema ahadi hailiwi. Anataka kitu cha kushika. Mkewe anatamani kushona.

Nimerudi nyumbani. Mke wangu, Mama Zakia, alikuwa Nyakato, msibani. Nimeichukua cherehani yake, ile aliyoachiwa na marehemu mama yake. Sijaiuza. Nimemwazima Kija kwa muda, naye amenipa ngege. Waingereza wakinunua, nitamletea ya miguu, mpya.

Jumapili, 7 Septemba

Chumba cha uani kimejaa magunia ya ngege hadi juu. Nimesimama mlangoni nikajisikia mtu wa maana.

Mama Zakia amerudi. Ana kazi ya kushona sare za watoto wa shule, vitambaa vimeshakatwa. Ameuliza cherehani iko wapi. Nimemwambia iko katika biashara ya Ulaya. Amechukua sindano na uzi, akakaa chini kushona kwa mkono.

Jumatano, 10 Septemba

Bomani. Nimevaa kanzu nyeupe na koti langu la sikukuu ya Idi. Nimemchukulia Bwana DC, mkuu wa wilaya, ngege watatu. Karani wake, Ngosha, aliniweka kwenye benchi hadi adhuhuri, akaketi mbali nami kwa sababu ya mzigo wangu.

Bwana DC amenisikiliza hadi mwisho. Hakucheka. Amesema kwa upole kwamba manowari zimekwenda ili wavuvi wao waendelee kuvua. Samaki hawajaisha. Nchi yake imezungukwa na bahari pande zote. Ameshukuru kwa ngege, akasema atamla mmoja jioni.

Nimetoka na matumaini. Hakuna serikali inayokiri njaa mbele ya raia wake. Na anayeonja mmoja ataagiza gunia.

Ijumaa, 19 Septemba

Boma kimya. Mvua imenyesha kabla ya majira yake. Bati la chumba cha uani linavuja, na magunia ya chini yamelowa. Jirani yetu Wilhelmina amehamishia jiko lake upande wa pili wa nyumba. Salamu yangu hakuiitikia.

Vidole vya Mama Zakia vimevimba. Sare bado nyingi. Amesema bila kuinua macho:

"Baba Zakia, hao wa Ulaya wakipatana kesho, mimi nitapata nini?"

Nimemwambia hawatapatana. Nilitaka kumfariji.

"Na wasipopatana?"

Nimekwenda kukaa uani na samaki wangu. Nimemsikia akipenga kamasi ndani. Huenda ni harufu.

Jumatatu, 22 Septemba

Maige amekuja nyumbani. Anasema vibarua wa kiwanda cha pamba hawachagui, samaki wa moshi wanamla. Nimpe magunia makavu kabla nayo hayajaoza, naye atakwenda Kamanga kuikomboa cherehani.

Nimekataa. Tangu lini mshindani akakuhurumia? Ameshanong'onezwa na boma. Anataka kuilisha London kupitia mgongo wangu.

Jumatano, 24 Septemba

Nimerudi kutoka sokoni nikakuta chumba cha uani kitupu. Kimefagiwa na kumwagiwa majivu. Mama Zakia amempa Maige magunia yote mazima. Mabovu yamefukiwa.

"Hukuniuliza," nimemwambia.

"Nawe hukuniuliza."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumamosi, 27 Septemba

Maige ameileta cherehani mwenyewe, kichwani, kutoka ufukoni. Anasema mke wa Kija aliitoa kwa machozi, na imebidi ampe doti ya khanga na nyavu mbili. Nimemshukuru kwa maneno machache. Uso wake haukuonyesha chochote kuhusu London. Mjanja.

Mama Zakia ameifuta, akaitia mafuta. Nilidhani ataiweka mahali pake, dirishani. Ameifunga kwenye shuka, akaipeleka kwa dada yake Suzana, Nyakato. Kuanzia sasa atakwenda kushonea huko kila asubuhi na kurudi jioni.

Mchana nyumba iko kimya. Sikujua kwamba nilikuwa nimeuzoea mlio ule.

Jumatatu, 17 Novemba

Habari kubwa leo, redioni. Safari hii ni Wafaransa na Waingereza. Walikuwa wakizungumza juu ya kufanya biashara pamoja huko Ulaya, na mazungumzo yamevunjika. Mfaransa amekataa.

Wengine wameendelea kunyolewa kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi nimetoka nje nikafikiri. Wafaransa ni watu wa ng'ombe na siagi. Mlango ukifungwa, Mwingereza atapaka nini kwenye mkate wake? Na Usukuma wote huu umejaa ng'ombe.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Mihayo, mfugaji. Ana madebe ya samli, mazuri, yamefungwa vizuri. Ameuliza nina nini cha kubadilishana.

Nimerudi nyumbani, nikatazama chumba hadi chumba. Kitanda chetu ni cha mninga, na Mama Zakia harudi mpaka jioni.